"Next Friday" ni Ijumaa ipi? Wasomaji wa Kigoma na Tabora wanauliza

Safari hii barua za lugha zimetoka magharibi, Kigoma na Tabora, na karibu zote zinazunguka kineno kimoja cha Kiingereza, "next". Sisi wenyewe tumeshakifanya chetu, mtu anakwambia "neksti wiki", "neksti taimu", jamaa akinunua bodaboda mpya yuko "neksti levo", lakini kumbe bado kinatuletea shida za kweli, za hela na za kifamilia. Nianze na hii ambayo imeniuma.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nina mteja wangu yuko Mpulungu upande wa Zambia, tunaandikiana kwa Kiingereza maana Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Jumatano akanitumia meseji kwamba boti itakuja kubeba mzigo "next Friday". Mi nikajua ni keshokutwa, nikakopa, nikaongeza magunia, Ijumaa asubuhi mzigo wote uko mwaloni. Nikasubiri mpaka jioni, boti hamna. Nampigia ananiambia mbona nilikwambia next Friday, yaani Ijumaa ya wiki nyingine. Usiku mvua ikapiga, magunia mawili yakaharibika. Naomba kujua nani kakosea hapo, mimi au yeye? (Mama dagaa, Kibirizi)

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, dagaa akishanyeshewa kila mtu wa huko anajua hasara yake ikoje. Kwa upande wa lugha hakuna aliyekosea kati yenu. Hata wenye Kiingereza chao, waliozaliwa nacho, wanagombana kwa hili hili, wanakosana miadi, wanakuja kwenye sherehe wiki nzima kabla.

Wamegawanyika hivi. Kuna wanaohesabu kama ulivyohesabu wewe, leo Jumatano, Ijumaa ya kwanza nitakayokutana nayo ndiyo "next". Halafu kuna wale kama mteja wako, wao wanasema Ijumaa ya keshokutwa tayari ina jina lake, inaitwa "this Friday", kwa hiyo "next" inabaki kwa ile ya wiki ijayo. Kila upande una hoja na hakuna mahakama ya kuwaamulia. Ndo maana husikii watu wakigombania "next year", mwaka huu tumo ndani yake na unaofuata ni mmoja tu hauna mpinzani, ugomvi unakuja kwenye siku za wiki na kwenye majina ya miezi, pale ambapo kuna "hii" na kuna "ijayo" na zote mbili ziko mbele yetu.

Sasa nikueleze kitu ambacho mi nikikifundisha darasani naona macho ya wanafunzi yanabadilika. Tunafundishwa kwamba "next" maana yake ni "inayofuata". Kweli leo ndo maana yake kubwa, lakini haikuanza hivyo. Asili yake ni "iliyo karibu kuliko zote". Kiingereza cha kale kilikuwa na neno la "karibu", leo linaandikwa "nigh" na halitumiki sana. Ukitaka kusema karibu zaidi, ilikuwa ni neno ambalo leo tunalijua kama "near". Ukitaka kusema karibu kuliko zote, ndo hiyo "next". Yaani ni neno moja na ngazi zake tatu! Baadaye watu wakasahau kwamba "near" tayari ina "zaidi" ndani yake, wakaifanya ndo "karibu" ya kawaida, wakaijengea upya "nearer" na "nearest", na "next" ikabaki imeachwa peke yake, ikaenda kutafuta kazi nyingine. Kazi iliyopata ndo hiyo ya kufuata. Wajerumani ni ndugu wa lugha hiyo na kwao neno lile lile lipo, wanasema "nächste Woche" wakimaanisha wiki ijayo, na hapo hapo "der Nächste" ni mwenzako, jirani yako, na kwenye Biblia yao ule mstari wa mpende jirani yako ndo neno walilotumia.

Ukipanda treni utaona vizuri hizi maana mbili zilivyoachana. Reli hii ya kati waliijenga hao hao Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Chukulia umetoka Tabora unakwenda Kigoma, umepita Urambo, umepita Kaliua, treni imeiacha Kaliua nyuma kama kilomita moja hivi. Stesheni iliyo karibu na wewe kuliko zote ni ipi? Ni Kaliua, bado unaiona. Lakini Mwingereza ukimuuliza "next station" hatakutajia Kaliua kamwe, atakutajia ya mbele unakoelekea. Kwa hiyo "next" ya leo ni ukaribu uliopewa mwelekeo. Ukaribu wa kwenda mbele. Na wewe mama ulisikia ukaribu, mteja wako akasikia mpangilio wa wiki, basi mkapishana hapo.

Tena tusijione Kiswahili kimepona, "Ijumaa ijayo" nayo ina ugonjwa ule ule, jaribu kumwambia mtu siku ya Jumatano uone. Ila sisi tuna dawa ambayo Kiingereza cha leo hakina, tuna kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, siku nne mbele kila moja na jina lake, na nasikitika kweli nikiona vijana wanaishia keshokutwa, mtondo hawaujui kabisa. Waingereza wana "Friday week", ambayo ni Ijumaa ya keshokutwa ukiiongezea wiki moja, lakini hata hiyo ukiwaandikia watu wengine hawataielewa.

Kwa biashara yako fanya hivi tu, kila meseji iwe na tarehe. Siku na tarehe pamoja, halafu mwambie mteja arudie mwenyewe kuandika ile tarehe kabla hujateremsha gunia hata moja mwaloni. Na hasara ya magunia mawili mi nadhani mgawane, kaa naye mzungumze, maana meseji ilikuwa na maana mbili na nyie wote mliisoma kwa nia njema.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Dada yangu alilazwa kwenye hospitali moja huku Tabora, kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya "next of kin", akaandika jina la rafiki yake wa kazini kwa sababu ndiye aliyempeleka usiku ule. Baba mkubwa alipoiona ile fomu akawaka, anasema "next" ni anayefuata, kwa hiyo dada kamwandika mtu baki kuwa ndiye anayefuata baada yake, yaani mrithi wa nyumba na kila kitu. Dada kashapona karudi nyumbani lakini ukoo hauongei mpaka leo. Je baba mkubwa yuko sahihi? (Msomaji, Ng'ambo, Tabora)

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na tumshukuru Mungu dada kapona. Baba mkubwa mpe heshima yake lakini hapa hayuko sahihi, na kosa lake linatokana na yale yale niliyomweleza mama wa Kibirizi. Hiyo "next" ya kwenye fomu ndo ile ya zamani, imegandia humo. Haimaanishi anayefuata, inamaanisha wa karibu kuliko wote, na "kin" ni watu wa damu, jamaa, ukoo. Na Kiswahili chetu kimelishika hili vizuri kuliko hata Kiingereza cha leo, sisi tunasema "ndugu wa karibu". Imekaa sawasawa kabisa.

Ukaribu huo wala hauna mbele wala nyuma. Mfikirie yule aliyekuachia ziwa, yule kaka au dada aliyezaliwa tu kabla yako, na mfikirie na mdogo wako aliyekufuata. Kwa Kiingereza wote wawili wanaweza kuitwa "next to me in age", mmoja juu mmoja chini, kwa sababu kinachopimwa hapo ni umbali tu kati yako na yeye. Kiswahili tunawatenganisha, huyu nimemfuata, huyu kanifuata, ziwa nimeachiwa na yule nami nikamwachia huyu.

Hospitali inapouliza hivyo inataka mtu wa kupigiwa simu hali ikibadilika, mtu wa kuambiwa. Kweli ukilishika neno lenyewe rafiki si "kin", angeandikwa ndugu ingekuwa safi zaidi, lakini mgonjwa usiku anaandika namba anayoijua itapokelewa, na mi simlaumu hata kidogo. Habari ya mali ni kitu kingine kabisa. Hapa kwetu mtu akifariki mirathi inakwenda mahakamani, mahakama inateua msimamizi wa mirathi, na huyo msimamizi naye si kwamba mali imekuwa yake, kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili. Fomu ya wodini haimpi mtu nyumba. Kama dada anataka mali yake iende mahali fulani aandike wosia, akapate ushauri wa mwanasheria. Mpelekee baba mkubwa salamu zangu na umsomee hapa taratibu, naamini alichokasirikia ni kuona damu yake imewekwa pembeni, sasa mweleze kwamba haikuwekwa pembeni, dada aandike jina la baba mkubwa kwenye fomu nyingine siku akirudi kliniki na yaishe.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mi niko kidato cha tatu Kasulu. Niliandika insha ya safari, nikasema "We arrived on Monday and next week we visited Ujiji", ticha kakata akaweka "the following week". Si ni kitu kimoja? (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Ticha wako yuko sahihi, na jibu unalo tayari kwenye Kiswahili chako. Wewe unatofautisha "kesho" na "kesho yake" bila hata kufikiri. Kesho inahesabiwa kutoka leo, hapa tulipo mimi na wewe. Kesho yake inahesabiwa kutoka siku ile ya kwenye hadithi. Sasa "next week" bila kitu mbele yake ni kama kesho, imefungwa kwenye leo, ndo maana haikai na safari iliyokwisha. Ukiweka "the next week" au "the following week" umeifungua, inahesabiwa kutoka kwenye ile Jumatatu yenu. Kwa hiyo wiki ijayo ni "next week", wiki iliyofuata ni "the following week". Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, ukisimulia habari zao baada ya pale lazima useme "the next day", yaani kesho yake, ukisema "tomorrow" utakuwa umewaleta wasafiri wa 1871 hapa kwetu.

Na ukiwa kwenye "following" chunga kitu kimoja. Magazeti na redio wamelichukua wakalitafsiri "kufuatia", kila kitu siku hizi ni kufuatia, watu wamekosa maji kufuatia bomba kupasuka, kikao kimeahirishwa kufuatia mvua. Silipendi, na sababu yangu ni kwamba linaficha, halisemi kama bomba ndilo lililosababisha au limepasuka tu halafu maji yakakatika kwa mambo mengine. Kiingereza chao nacho kinaficha hivyo hivyo. Sisi tuna "kwa sababu ya" na tuna "baada ya", kila moja na kazi yake, zitumie kwenye insha zako.

SWALI: Mwalimu mi ni fundi simu Nzega. Mzungu mmoja nilimtengenezea kioo, kesho yake nikamsikia anamwambia mwenzake alilipa "next to nothing". Mbona alinilipa hela yote? Ananichafulia jina? (Fundi)

JIBU: Hapana fundi, hajasema hajakulipa. Hapo tena ni ule ukaribu wa zamani, "karibu na si kitu", kama sisi tunavyosema karibu na bure. Ni sawa na wanavyosema "next to impossible", karibu haiwezekani, au "next to last", wa pili kutoka mwisho, anayepakana na wa mwisho. Alikuwa anamsimulia mwenzake kwamba kazi yako ni nzuri na bei yako ni ndogo mno, kwa hiyo huyo mwenzake kioo chake kikipasuka huenda akaja kwako, na ukitaka kuiangalia upya bei ya kioo, iangalie kabla hajafika.