Kwani panya naye anavuta?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasikia Marekani wanawajaribia panya dawa mbili kwa mpigo ili wapunguze nikotini. Panya anavuta sigara? Na dawa moja haitoshi? — Mvutaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Havuti. Anawekewa mrija mwembamba kwenye mshipa. Akibonyeza kitufe kizimbani, pampu inamsukumia nikotini kidogo. Watafiti wanahesabu mibonyezo. Katika Chuo Kikuu cha Duke, timu ya Edward Levin iliwapa panya lorkaserini, dawa ya kupunguza uzito, na mibonyezo ikapungua.

Kwa nini mbili? Nikotini inaingilia milango mingi ya ubongo. Vareniklini, dawa ya kuacha sigara, inakalia mlango wa nikotini wenyewe; lorkaserini inapitia serotonini, kemikali nyingine ya ubongo. Matumaini ni kwamba dozi ndogo za zote mbili zitafanya kazi bila kichefuchefu kingi.

Lakini usiniandikie tena ukiulizia lorkaserini! Iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa hofu ya saratani. Mchanganyiko ambao binadamu tayari wanautumia ni plasta ya nikotini ya ngozini pamoja na jojo ya nikotini. Mwone mfamasia kwanza, hasa kama una shida ya moyo.