Maswali ya pikoboli: punguza nguvu, sogea wavuni

Kwa anayeingia leo: pikoboli huchezwa kwa raketi ngumu isiyo na nyuzi na mpira wa plastiki wenye matundu, juu ya wavu ulio chini kidogo kuliko wa tenisi. Servisi hupigwa chini ya kiuno, mkono ukitoka chini kwenda juu. Gemu huisha kwa pointi 11, na lazima umwache mpinzani kwa mbili. Barua kutoka hapa kwetu Mwanza ni nyingi, tuanze.

Shikamoo kocha. Nimecheza tenisi tangu sekondari na hapa Isamilo hakuna anayepiga mpira mkali kama mimi. Lakini kuna wazee wawili wa rika la baba yangu wananifunga kila Jumamosi, tena huku wanapiga soga. Nakosea wapi?

Marahaba. Mkono wako hauna tatizo, tatizo ni mahali unaposimama. Jumamosi ijayo, kabla hujatwanga mpira, tazama wale wazee wako wapi. Nina hakika utawakuta mbele, vidole vya miguu vikikaribia mstari wa jiko, yaani ule ukanda wa mita 2.13 kila upande wa wavu ambao ukiwa ndani yake huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Wewe uko nyuma kabisa, karibu mita saba kutoka wavuni. Mpira wenye matundu unaishiwa kasi haraka hewani, hivyo kombora lako likiwafikia limeshachoka. Wao wanaweka raketi tu, mpira unakurudia miguuni.

Tena sheria yenyewe inawabeba. Servisi lazima idunde kwanza, na mpira wa kuirudisha nao lazima udunde upande wa aliyeanzisha. Maana yake anayepokea akisharudisha mpira mrefu anakimbilia mbele, na wewe uliyeanzisha bado umefungwa nyuma ukisubiri mdundo. Kwa hiyo mpira wa tatu ndio mtihani wako, na mtihani huo haujibiwi kwa nguvu. Unajibiwa kwa dropu, yaani mpira laini unaotua ndani ya jiko lao.

Shika raketi kwa ulegevu. Kama mkazo wa mkono una viwango kumi, tumia vitatu au vinne. Kunja magoti, uso wa raketi uangalie juu kidogo, na uguse mpira ukiwa mbele ya mwili, usiusubiri ufike ubavuni. Msukumo utoke begani, kifundo cha mkono kitulie. Mpira upae na kufika kileleni ungali upande wako, uvuke wavu ukiwa unashuka, utue ndani ya jiko lao. Hapo hawana cha kupiga smashi, yaani kuutwanga mpira kwenda chini, kwa sababu mpira uko chini ya wavu na ni lazima wauinue. Wakati wanauinua ndipo unaposogea. Usikimbie moja kwa moja hadi mbele, lakini. Mpinzani akiwa anataka kupiga, simama, miguu yote miwili chini, utazame mpira unakwenda wapi, kisha endelea.

Mazoezi yake ni haya: mwenzako akae kwenye mstari wa jiko bila kuhama. Wewe anzia kwenye mstari wa upande wako, mdonoeane mipira laini. Ukiona inatua jikoni kwake bila wasiwasi, rudi nyuma hatua moja, na nyingine, mpaka ufike mstari wa mwisho. Wengi wanaanzia nyuma, wanakosa mara nyingi, wanakata tamaa na kurudia kutwanga. Mkishafika mbele wote wanne, endelea kudonoa. Mpira ukiwa juu ya wavu, shambulia. Ukiwa chini ya goti, vumilia, urudishe ulivyo. Pointi nyingi za wachezaji wa kawaida hazishindwi na mtu. Zinapotezwa na mtu mwingine aliyechoka kusubiri.

Kocha, tumegombana hapa Pasiansi. Mwenzangu alipiga smashi nzuri, mpira ukawapita wapinzani, ukadunda mara ya pili. Halafu ndipo akayumba na kukanyaga mstari wa jiko. Pointi ni ya nani?

Ya wapinzani wenu, poleni. Ukipiga mpira hewani, mwendo wa mwili uliotokana na pigo hilo ukikupeleka jikoni ni kosa, hata kama mpira ulikuwa umeshakufa. Mstari nao ni sehemu ya jiko. Ila msije mkaogopa jiko lenyewe: kuingia ni ruksa wakati wowote, na mpira uliodunda humo unaufuata humo humo. Kabla ya kupiga tena hewani, toa miguu yote miwili nje kwanza. Wengi hutoa mmoja.

Tunacheza Malimbe, karibu kabisa na ziwa. Asubuhi mchezo safi, jioni mipira inakwenda inakotaka. Tufanyeje na huu upepo?

Mchana nchi kavu, pamoja na mawe yetu yote haya, inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi inapanda, ya ziwani yenye ubaridi inaingia kujaza nafasi. Usiku mambo yanageuka. Kwa hiyo upepo wa jioni hapa si bahati mbaya, ni ratiba, na mpira wenu una gramu kati ya 22 na 26 hivi. Lazima utapeperuka.

Upepo ukikukabili, wengi hulalamika, mimi hufurahi. Unaweza kupiga kwa nguvu na mpira ukashuka ndani ya uwanja. Dropu ndiyo inayohitaji uangalifu, maana itafia kabla ya wavu, basi ipandishe na uisukume zaidi ya kawaida. Upepo ukiwa mgongoni, fupisha mkono na piga chini chini. Servisi uliyozoea kuifikisha karibu na mstari wa mwisho itatoka nje. Upepo ukitoka ubavuni, lenga nusu mita ndani ya mstari na uache upepo umalizie. Lobu, ule mpira wa juu wa kuwapita wapinzani vichwani, isahau kabisa mpaka kesho asubuhi.

Mnapopiga kura ya kuanza, msikimbilie servisi bila kufikiri. Mnaweza kuchagua upande, na kwa kuwa mnabadilishana upande baada ya kila gemu, jiulizeni mnataka kuanza na upande mgumu au mwepesi. Mimi naanza na mgumu, miguu ikiwa bado mibichi.

Angalieni na mpira wenyewe. Wa nje kwa kawaida una matundu madogo 40 na ni mgumu. Wa ukumbini una matundu makubwa 26 na upepo unaufanya utakavyo. Nimeona watu wakilaani ziwa bure wakati wameshika mpira wa ndani. Na wageni wetu kutoka Dar es Salaam wasishangae mipira yao ikitoka nje siku ya kwanza: Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi.

Huku Buhongwa hatuna uwanja. Kuna sakafu ya zege tu shuleni. Inatosha?

Inatosha sana. Uwanja una upana wa mita 6.10 na urefu wa mita 13.41, sawasawa na uwanja wa badminton wa wawili wawili, kwa hiyo kama shule ina mistari ya badminton kazi imepungua. Kutoka wavuni pima mita 2.13 kila upande, chora mstari wa jiko. Sehemu iliyobaki, mita 4.57, igawe katikati ili kila boksi la servisi liwe na upana wa mita 3.05. Acheni nafasi ya kukimbilia pembeni na nyuma. Eneo lote likiwa mita 9 kwa 18 mtacheza kwa raha. Kama mna uhuru wa kuchagua, urefu wa uwanja uelekee kaskazini na kusini, la sivyo jioni upande mmoja utakuwa unapigana na jua.

Wavu una sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Msinunue wa dukani kwa sasa. Nyavu chakavu za uvuvi mjini kwetu hazikosekani, ulizeni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Angalieni macho tu: mpira una kipenyo cha sentimita 7 na nusu hivi, wavu wa sangara unaweza kuupitisha na mkaanza kubishana. Wa dagaa haupitishi kitu, ila unashika upepo, kwa hiyo nguzo zichimbiwe au zipachikwe kwenye matairi yaliyojazwa zege. Katikati fungeni kamba kwenda chini ili wavu ushuke hizo sentimita tano.

Msione aibu kuungaunga. Mchezo wenyewe ulianza hivyo mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani: familia zilikuwa na uwanja wa badminton lakini hazikuwa na vifaa kamili, zikachukua raketi za mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu.

Mwanangu kocha, nina miaka 58, naishi Nyakato. Binti yangu ananivuta nicheze lakini naogopa kuanguka. Nijaribu?

Shikamoo mama. Jaribu, ila kwa mpango. Watu wa umri wako mara nyingi huanguka wakirudi kinyumenyume kufuata mpira uliowapita juu. Usirudi hivyo hata mara moja. Geuza mwili ubavu, kisha tembea au kimbia ukitazama unakokwenda. Mpira ukiwa umekupita kabisa, mwambie binti "wako!" naye auvukie, wewe uhamie upande wake. Pointi moja iende zake.

Viatu: vaa vya tenisi au vya mpira wa wavu, vyenye soli pana na bapa. Vya kukimbilia vina soli nene inayoinuka, vizuri kwa kwenda mbele, vibaya kwa kukata kona, na ndivyo vinavyopindisha vifundo. Servisi ikikushinda, sheria inakuruhusu kuuachia mpira uanguke wenyewe, udunde, ndipo uupige. Hiyo ni rahisi zaidi kuliko kuupiga hewani na huumizi bega. Na kama una presha au magoti yanasumbua, mwone daktari kabla ya kuanza.

Raketi ipi bora? Kuna za kaboni, za fiberi, za mbao.

Kwa anayeanza, yoyote yenye uzito kati ya gramu 210 na 240 na mpini unaokuenea. Urefu na upana vikijumlishwa visizidi sentimita 60.96. Kaboni hukusaidia kuzungusha mpira, na wewe bado huupeleki jikoni. Fundi seremala akukatie kibao cha plaiwudi, ulainishe kingo, uzungushie mpini utepe. Ukianza kuwafunga watu kwa hicho, rudi tuzungumze.

Nacheza na mume wangu Jumapili, Capri Point. Mpira ukija katikati ama tunauacha wote ama tunagonganisha raketi. Ananuna mpaka Jumatatu. Wa nani huo?

Kabla ya gemu kuanza, amueni: mpira wa katikati ni wa yule ambaye kwake unakuja upande wa mkono wenye nguvu. Kama wote mnatumia kulia, ni wa aliyesimama kushoto. Asiwe yeye kila mara kwa sababu ni mume, na usiwe wewe kila mara kwa sababu umechoka na kununa kwake. Halafu semeni kwa sauti, "wangu", mapema, mpira ukiwa bado upande wa pili.

Kubwa zaidi, mnahama vibaya. Mpira ukienda kona ya kushoto, wote wawili telezeni kushoto, kama watu waliobeba ubao mmoja. Mkiachana, katikati panakuwa barabara. Kona ya mbali mtaiacha wazi, ndiyo, na ndiyo njia ngumu zaidi kwa mpinzani kupita. Na ninyi mkishambulia, pelekeni mpira katikati yao. Wavu ni mfupi pale, hautoki nje kwa urahisi, na pengine nao ni mke na mume.

Kwa nini gemu ya wawili wawili inaanza kwa kutaja 0-0-2?

Namba ya kwanza ni pointi za wanaoanzisha, ya pili za wanaopokea, ya tatu ni kama anayeanzisha ni wa kwanza au wa pili katika zamu ya timu yake. Kila timu hupata waanzishaji wawili kabla ya kupoteza zamu, lakini timu inayofungua gemu hupewa mmoja tu ili isijinufaishe. Ndiyo maana huitwa wa pili tangu mwanzo. Na kumbuka, kwa hesabu hii anayepata pointi ni anayeanzisha peke yake.

Sisi ni vijana wa Igombe. Tunaweza kuchezea ufukweni, kwenye mchanga?

Hapana, mpira haudundi. Mkiulowesha mchanga kidogo na kuushindilia, mpira bado utadunda ovyo. Chezeni mpira wa wavu hapo, na kwa pikoboli tafuteni zege, hata nusu uwanja. Ukuta wa darasa unafaa pia: chora mstari sentimita 91 kutoka chini, simama mita mbili, udonoe mpira juu kidogo ya mstari bila kuuacha udunde, kwanza upande wa kiganja, kisha upande wa nyuma ya mkono. Mwombeni mwalimu kwanza, na mfanye saa za masomo zikiwa zimekwisha, kwa sababu kelele zake si ndogo.