Ule mkono begani kwa mama yako

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mama yako amezipokea. Hatujambo, ila goti langu siku hizi linajua mvua kabla ya wingu.

Uliniuliza siku ya Idi: katika picha ya harusi yetu pale sebuleni, mkono ulioko begani kwa mama ni wa nani? Umekulia chini ya picha ile, hukuwahi kuuliza, mpaka ulipoipiga kwa simu ukaikuza. Ukaona mkono una hina, una kovu karibu na kidole gumba, na kwenye kifundo umeishia. Hauna mwenyewe. Sikukujibu kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu. Mkono ule ni wa shangazi yako, na aliyemkata ni mimi.

Tulioana mwanzoni mwa 1983. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na karatasi za picha, kama sukari na sabuni, zilikuwa za kutafutwa. Studio niliyofanyia kazi, huko Ngamiani, ilibakiwa na boksi moja la karatasi za inchi nane kwa kumi, na tajiri alikuwa akizihesabu kila asubuhi. Alinipa moja. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yake ya harusi, na kwa wakati ule haikuwa ndogo.

Sasa nivumilie kwa jambo la ufundi, maana nyinyi wa simu hamkulipitia. Kamera yetu ilikuwa Yashica ya macho mawili, ile unayoinama kuichungulia kwa juu, na aliye kulia unamwona kushoto. Filamu ya 120 ilitoa picha 12, kila moja mraba, sentimita 6 kwa 6. Karatasi ya nane kwa kumi si mraba. Kwa hiyo ukitaka kuijaza karatasi, lazima ukate pembeni. Ungeweza kuacha ukingo mweupe, lakini wateja walisema ukingo mweupe ni karatasi waliyolipia bure. Basi karibu kila picha tuliyoisafisha ilikuwa na kipande kilichomwagikia nje ya karatasi, kikaangaza juu ya ubao wa mashine ya kukuzia picha kwa sekunde chache, kisha taa ikazimwa. Hakuna aliyekiona ila fundi.

Usiku ule fundi alikuwa mimi, peke yangu na taa nyekundu. Nikisogeza huku, nampata shangazi yako mzima lakini bega la mjomba wa mama yako linaondoka. Nikisogeza kule, mjomba mzima, shangazi hayupo. Mjomba alivaa koti. Shangazi alisimama ukingoni kabisa, kanga ya jikoni bado kaifunga kiunoni, na miguuni pake ndoo ya bati. Nikaona ndoo inachafua picha. Wallahi sikufikiria zaidi ya ndoo.

Lakini kwa nini alikuwa ukingoni? Kwa sababu alitoka jikoni. Pilau ya harusi ile aliipika yeye tangu alfajiri, na lile kovu alilipata kwenye karai la maandazi, yale yaliyonilipia miezi ya mwanzo ya kujifunza kazi ya picha. Watu walipokwisha kupangwa ndipo mtu akakumbuka kumwita. Akaja mbio anajifuta mikono, akajipenyeza palipobaki nafasi, akamwekea mama yako mkono begani. Waliokaa katikati walikuwa wamekaa tangu asubuhi.

Nimepiga picha za harusi miaka mingi baada ya hapo na sijaona tofauti. Katikati wanakaa wenye heshima zao. Pembeni wanasimama waliobeba maji. Halafu fundi anakuja na mkasi wake, anasema anatafuta uzuri tu, hana ubaya na mtu. Kumbe mkasi wa uzuri kila mara unaanzia pembeni.

Unakumbuka Januari 2020 ulinitumia habari ya yule binti wa Uganda, Vanessa Nakate? Vijana watano walisimama pamoja Davos, Uswisi, kwa ajili ya mambo ya tabianchi, yeye akiwa mweusi peke yake. Shirika la habari la Associated Press likatoa picha yenye wanne, Greta Thunberg na wenzake watatu Wazungu. Nakate alikuwa ukingoni, akakatwa. Dunia ilipopiga kelele, shirika likaeleza kwamba mpiga picha alikuwa anakimbizana na muda, na jengo lililokuwa nyuma ya binti lilikuwa linaharibu mpangilio. Baadaye likaomba radhi. Wewe ulikasirika, ukasema ni uongo mtupu. Mimi nilinyamaza, ukadhani sijali. Nilinyamaza kwa sababu nilimwamini yule mpiga picha. Jengo lake na ndoo yangu ni kitu kimoja. Angekuwa amekusudia, ningemlaumu kwa raha zaidi.

Hata ile picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, ambayo haikukatwa mtu. Kila mtoto wa shule anamjua anayemimina. Waliokuwa naye pale, wamesimama karibu kabisa, wangapi kati yetu tunawajua kwa majina? Basi hata usipokata, jicho la mtazamaji linakukatia.

Usidhani nazidharau hila zote za studio. Tulikuwa na pazia lililochorwa ndege, ngazi zimeshushwa, na mkulima wa katani alisimama mbele yake kashika redio ya studio, akaituma picha kwao. Kwao waliona mikunjo ya pazia, wakacheka, wakaitundika. Uongo ule ulikuwa wa wote. Kipande kilichokatwa hakina mikunjo. Ukikitazama unaona ukuta umekamilika.

Na sasa nifike panaponiuma. Mwaka 1991 shangazi yako na mimi tuligombana kwa minazi ya Pangani. Tulinuniana miaka, na katika miaka hiyo watu wa ukoo wakaanza kusema kwamba hakunipenda tangu zamani, kwamba hata harusini kwangu hakufika. Ushahidi? Picha hiyo ukutani, tazama mwenyewe, yumo? Tulipatana baadaye, alhamdulillahi, lakini maneno yale hayakupatana na mtu. Alipofariki, siku ya hitima, kijana mmoja wetu aliyarudia mbele ya watu, bila chuki, kama mtu anayesoma kalenda. Nilikuwa nimekaa mkeka uleule.

Nilitaka kumkatiza. Kabla sijafungua mdomo, nikajikuta namtafuta dada yangu katika siku ile ya harusi, na kila nilipomtafuta niliona picha: mimi, mama yako, mjomba na koti lake. Siku yenyewe sikuiona. Nikajiuliza, alikuja kweli? Mimi, niliyekula pilau yake. Mpaka nikapata jibu, mazungumzo yalishahamia kwenye bei ya nauli.

Jioni ile nilimwambia mama yako. Akaniuliza, "Kwani wewe hujui? Mimi mkono ule naufuta vumbi kila Alhamisi." Miaka yote hiyo. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba alidhani nimemkata kwa makusudi, ugomvi wa ndugu, akaona si mahali pake kuingia.

Negativu, ile filamu yenyewe ya picha nzima, ipo. Niliitunza katika kopo la biskuti pamoja na nyingine, na unyevu wa hapa umekula kona moja tu. Nimeifunga kwa karatasi laini ndani ya bahasha hii, usiishike kwa vidole, ishike ukingoni. Huko kwenu Dodoma wapo wenye mashine za kuskani. Isafishe upya, mraba kamili, sentimita 30 kwa 30, fremu nitamwagiza seremala wa mtaani aitengeneze.

Kijana wa mashine atakuambia kwamba kuna ndoo pembeni na anaweza kuifuta kwa kompyuta, haichukui hata dakika. Mwambie aiache. Ilikuwa na maji ya kunawa wageni.

Baba yako