Jibu: Kwa nini sisi Uganda tunailipa Kongo na jeshi letu bado liko Ituri, mashariki mwa Kongo?

Ndugu, hayo ni mambo mawili. Deni ni la vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda iliikalia Ituri kijeshi, na Februari 2022 ikatutoza dola milioni 325: milioni 225 za watu waliouawa na kuumizwa, 40 za mali, 60 za maliasili. Tulipangiwa kulipa milioni 65 kwa mwaka, awamu tano, 2022 hadi 2026. (Kinshasa ilidai zaidi ya bilioni 11, kwa hiyo tushukuru.)

Wanajeshi walioko sasa waliingia Novemba 2021 kwa ridhaa ya Kinshasa, kuwasaka ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Watatoka lini? Mimi sioni dalili, hasa nikiangalia barabara ya Kasindi hadi Beni, huko huko Kongo, tuliyochangia kuijenga.