Wageni wakizidi walimu

Swali la wiki hii lilikuwa: kwa nini waliotangulia kwenye makundi ya mtandaoni huwachoka wageni upesi hivyo, na je, kuna dawa? Wengi watajibu kwamba wageni hawana adabu au kwamba wakongwe wana kiburi. Naona wote wawili wanasingiziwa. Kundi la mtandaoni hufundisha desturi zake kwa mkono, mkongwe mmoja akimwelekeza mgeni mmoja. Wageni wakija kidogo kidogo, kazi hiyo hufanyika bila mtu kuitambua. Wakija wengi kuliko watu walio tayari kuwaelekeza, wakongwe huchoka, hufoka, hunyamaza, kisha huondoka pamoja na ujuzi wao. Anayetaka kutibu ugomvi huu aanze kwa kuhesabu watu.

Mambo haya yalionekana mapema sana. Usenet, mtandao wa mapema wa kujadiliana kwa kompyuta, ilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, na mwaka uliofuata ikaunganisha Duke na Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill. Ilikuwa na mabaraza yaliyogawanywa kwa mada, lakini haikuwa na sava moja ya katikati. Kompyuta zilipigiana simu kwa modemu, mara nyingi usiku gharama zikiwa nafuu, na kila ujumbe ulinakiliwa kutoka mashine moja hadi nyingine mpaka uenee kote. Ukiandika "mimi pia" na kutuma, maneno hayo mawili yalikula simu na diski za watu usiowajua, katika vyuo ambavyo hutavitembelea maishani. Ndiyo maana programu ya kusomea iitwayo rn, aliyoiandika Larry Wall mwaka 1984, ilimwonya mtumaji kwamba ujumbe wake ungeugharimu mtandao mamia au hata maelfu ya dola, kisha ikamuuliza kama ana hakika anataka kuutuma. Mgeni aliyekaripiwa kwa kuweka sahihi, yaani maneno ya kujitambulisha, ya mistari 12 chini ya ujumbe wa mstari mmoja aliona ubabe. Mkongwe aliona bili.

Kila Septemba vyuo vya Marekani vilipokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nao wakapata akaunti za kompyuta. Kwa wiki kadhaa mabaraza yalijaa maswali yaleyale na matangazo yasiyohusika. Wakongwe waliguna, wakaelekeza, na baada ya muda wageni wakawa wamejifunza au wamekwenda zao. Kisha, kati ya 1993 na 1994, kampuni za huduma za mtandao, AOL ikiwa miongoni mwazo, zikawafungulia wateja wao mlango wa Usenet. Sasa wageni hawakuja kwa msimu, walikuja kila siku. Januari 1994 Dave Fischer aliandika kwamba Septemba 1993 itakumbukwa kama Septemba ambayo haikuisha, na jina hilo likashika. Wateja wa AOL hawakuwa watu wabaya kuliko wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa 1988. Tofauti ni kwamba wanafunzi walikuja kwa mkupuo mmoja wenye mwisho, wakaingia mahali palipokuwa na walimu wa kuwatosha.

Hapa kwetu Kenya Septemba hiyo tunaijua. Kati ya Agosti na Septemba, makundi ya wanafunzi wapya wa vyuo vikuu vya Maseno, Egerton na Masinde Muliro hujaa maswali ya vyumba, karo na mikopo ya HELB, na matapeli huingia papo hapo wakijifanya wanauza nafasi za hosteli. Wanafunzi wa mwaka wa pili hujibu siku za kwanza, halafu huzima milio ya simu. Ila makundi haya yana bahati ya kalenda. Kundi la wafugaji au la wafanyabiashara halina kalenda ya namna hiyo.

Jambo moja la Usenet hupuuzwa, nalo ndilo lenye faida kubwa kwetu. Diski zilikuwa ndogo, kwa hiyo kila kituo kilifuta jumbe baada ya siku au wiki chache. Jibu zuri la mwezi wa tatu halikuwepo mwezi wa tano. Mgeni aliyeuliza swali lililokwisha kujibiwa hakuwa mvivu, kwani jibu lenyewe lilikuwa limefutwa. Dawa ilikuwa orodha ya maswali yanayorudiwa pamoja na majibu yake, iliyotumwa tena barazani kila baada ya wiki mbili au kila mwezi na mtu aliyejitolea kuitunza. Palikuwa pia na baraza la wageni peke yao, news.announce.newusers, lenye makala za kuwafundisha. Oktoba 1995 mwongozo wa adabu uitwao RFC 1855, ulioandikwa na Sally Hambridge wa Intel, ulimshauri mgeni asome kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika lolote, mistari yake isifike herufi 65, na sahihi yake isizidi mistari 4.

Sheria zilizolazimishwa na mashine hazikufua dafu. Baadhi ya programu zilikataa ujumbe wenye maneno ya kunukuu mengi kuliko maneno mapya, ili watu waache kurudisha barua nzima kwa ajili ya kuongeza "nakubali". Watu walifanya nini? Waliongeza mistari ya upuuzi chini mpaka hesabu ikakubali. Ujumbe ukawa mrefu zaidi ya mwanzo. Admini anayeweka kanuni 25 kwenye kundi lake aukumbuke mfano huo.

Mbali na wakongwe na wageni, kuna watu wa aina ya tatu ambao wasichanganywe na wageni. Tarehe 12 Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walitumia programu kutuma tangazo moja kwenye mabaraza zaidi ya 5,500. Walikuwa wakiuza huduma ya kuwajazia watu fomu za bahati nasibu ya Green Card, ambayo wasomaji wengi wa hapa wanaijua vizuri. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi cha kuangusha mashine za kampuni iliyowapa mtandao, na akaunti yao ikafungwa. Hao hawakukosea kwa kutojua. Waliuona umati, wakautumia. Kosa kubwa la wakongwe baada ya hapo lilikuwa kumpokea kila mgeni kana kwamba ni Canter na Siegel. Asiyejua aelekezwe, anayejua na kutumia kundi kama soko la bure aondolewe, na kazi ya admini ni kutofautisha hao wawili mapema. Njia rahisi ni kumwandikia mara moja faraghani. Asiyejua huomba radhi au huuliza. Mwenye kuuza hutuma tangazo lilelile tena.

FidoNet, mtandao mwingine wa kompyuta zilizopigiana simu, ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984 na kufika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia kituo cha mazingira cha ELCI, ilikuwa na kanuni ninayoiona bora kuliko zote. Ilisema mambo mawili: usiwaudhi wenzako kupita kiasi, na usiwe mwepesi mno wa kuudhika. Makundi yetu yameandika nusu ya kwanza katika kila maelezo ya kundi. Nusu ya pili sijaiona popote.

Sasa tuje kwenye WhatsApp, ambako makundi mengi ya hapa yanaishi. Kundi linaweza kubeba watu 1,024. Anayeingia leo haoni yaliyoandikwa jana, isipokuwa mtu amrushie. Yaani kwa mgeni, kila jibu la zamani limefutwa, kama kwenye diski za 1985, wakati kwa mkongwe lote limo simuni. Mkongwe anasema "hili tumeshalizungumza" na ni kweli. Mgeni anasema "sikuliona" na ni kweli pia. Kuna upungufu mwingine. Kwenye Usenet, mtu aliyekuudhi ulimtia kwenye orodha ya kunyamazishwa, ukaacha kumwona, na wengine hawakujua. Kwenye WhatsApp, hata ukimblock mtu, ujumbe wake bado unauona katika kundi mliloko wote. Hasira isiyo na pa kutokea kimya hutokea hadharani.

Chukua kundi la wafugaji wa kuku wa Nakuru. Saa tatu usiku mgeni anaandika: "Vifaranga wangu wanakufa, naombeni msaada." Kabla ya saa nne kuna majibu saba: shubiri, kitunguu saumu, antibiotiki ya rangi fulani, pole sana, amen. Mtaalamu aliyemo anayaona na kufunga simu, maana swali halijibiki. Vifaranga wa siku 4 wakifa, shaka ya kwanza ni baridi: bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, inatakiwa kuwa na nyuzijoto 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na ikipungua wao hukusanyika chini ya taa na kukanyagana. Wa wiki 4 wenye kinyesi cha damu juu ya maranda mabichi, shaka ya kwanza ni ugonjwa wa kuhara damu. Wakiwa hawakupata chanjo ya Gumboro au Newcastle, ni habari nyingine kabisa. Mtaalamu ameuliza "wana umri gani?" mara nyingi mno mwezi huu, na siku atakapofoka, mgeni atakayefokewa ndiye asiye na hatia kuliko wote.

Fomu ya swali ndiyo inayookoa hapo. Iwe fupi, inakilike kwa kidole kimoja: umri wa vifaranga, walikuwa wangapi na wamekufa wangapi, tangu lini, chanjo gani na siku gani, chakula gani, maranda makavu au mabichi, picha ya kinyesi. Vipengele saba, basi. Wafugaji wa samaki wa vizimba pale Dunga, Kisumu, watahitaji vingine, mafundi wa simu vyao. Yeyote anayeomba msaada bila fomu hutumiwa fomu, hakaripiwi. Na anayejibu "imeshaulizwa" awe na wajibu wa kuleta jibu lenyewe pamoja na neno hilo. Bila jibu, anyamaze.

Fomu, na majibu makuu matano hivi katika ujumbe mmoja, yabandikwe juu ya kundi. WhatsApp inaruhusu jumbe tatu kubandikwa, kwa siku 30 zikizidi sana. Hapa ndipo admini wengi huteleza: wanabandika mara moja, mwezi unaisha, ujumbe unashuka, na hakuna anayegundua mpaka maswali yarudi. Chagua tarehe moja ya mwezi ya kubandika upya, na siku hiyohiyo sahihisha kilichobadilika. Karibisho litumwe kwa mgeni faraghani. Likitumwa kundini, watu arobaini hutuma stika za "karibu sana", na swali la mwenye kuku wagonjwa husukumwa juu likapotea.

Kuhusu mlango, washa idhini ya admini kabla ya mtu kuingia, na linki iliyobandikwa kwenye posta au kurushwa Facebook ibatilishwe itolewe mpya. Halafu hesabu walimu wako. Rudi nyuma wiki mbili, angalia ni nani walijibu swali kwa jambo lenye maana, usihesabu pole wala dole gumba. Katika kundi la watu mia nne usishangae ukipata wanane. Kipimo ninachokipendekeza ni mgeni mmoja kwa wiki kwa kila mwalimu, yaani wanane. Waliobaki wasubiri kwenye foleni ya maombi. Itaonekana roho mbaya, hasa kwa admini anayetamani kundi lijae, lakini kundi la watu elfu lisilo na anayejibu halimfai hata huyo mgeni. Kukosa nguvu kazi kuna gharama halisi: Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiwa zinaendelea Nakuru, Kisumu na Eldoret, David Kobia, aliyeliendesha jukwaa la mazungumzo la mtandaoni la Mashada, alilifunga kwa sababu chuki iliyokuwa ikimiminwa humo haikuweza tena kudhibitiwa.

Njia ya kufungua mlango zaidi ni kuongeza walimu, na hawapatikani miongoni mwa wakongwe, ambao wameshachoka. Chukua walioingia miezi mitatu iliyopita. Hao bado wanakumbuka walichokuwa hawajui, na hawajajibu swali la umri wa kifaranga kiasi cha kulichukia. Wapange wanne kila wiki, jioni kuanzia saa moja unusu hadi saa tatu unusu, wakati kundi lina kelele zaidi. Kazi yao ni kutuma fomu, kuelekeza kwenye ujumbe uliobandikwa, na kumtaja mtaalamu kwa jina pale tu fomu imejazwa na jibu halimo kwenye yale matano. Mtaalamu aachiwe hayo. Ukiona ametajwa zaidi ya mara mbili kwa jioni moja kwa swali la aina moja, andika jibu lake, liwe la sita kwenye orodha.