Maswali yenu: minyoo ya ini, konokono na majani ya bondeni

Masika watu huniuliza kupe na ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa nao. Mvua zikishakatika, milima ikiwa rangi ya kahawia na ng'ombe wote wameteremshwa bondeni kufuata kijani kilichobaki, maswali yanageukia ini. Haya ni ya mwezi huu.

Shikamoo daktari. Nilinunua ini buchani, nusu tukala mchana. Usiku nakata nusu iliyobaki nikakuta vidude bapa kama majani ndani ya mirija. Tumeshaambukizwa? – Mama wa wawili, Kihesa, Iringa

Marahaba mama. Hapana, mlale salama. Mlichokula ni minyoo mizee. Hiyo ya kwetu, aina ya *Fasciola gigantica*, inaweza kufika urefu wa sentimita saba, na ikishakomaa ndani ya ng'ombe haihamii kwa mla ini aliyelipika likaiva. Anayeambukiza ni mtoto wake, aliyejifunga kwenye kifuko kidogo juu ya jani la bondeni, na huyo hapiti buchani.

Ila msikimbilie kupima choo wiki hii. Mayai ya minyoo mliyokula yanaweza kuonekana kwenye darubini, mkaandikiwa dawa ya ugonjwa msiokuwa nao. Kaeni siku kadhaa bila kula ini, ndipo mpime.

Binadamu huupata ugonjwa huu kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa wasiopungua milioni 2.4 katika nchi zaidi ya 70. Wengi huupata kwa kula mbichi mboga zinazoota majini, au kwa kunywa maji ya kinamasi. Mchicha wa kinyungu, yaani bustani ya bondeni, ukiupika hauna neno. Jani la ukingoni mwa maji linalotafunwa na watoto wakichunga, hilo lina neno.

Na ini hilo, lilikuwa na mhuri? Mkaguzi wa nyama hupasua mirija ya nyongo kwa kisu, na kwa ng'ombe aliyeugua muda mrefu kisu hukwaruza kana kwamba kinakata mchanga, maana mirija imegeuka chokaa. Ini la namna hiyo halitakiwi kufika kwenye ndoano ya bucha. Badilisha bucha.

Nina ng'ombe watatu wa maziwa, wako bandani muda wote, hawajui bonde lilivyo. Kila miezi mitatu nawachoma ivamektini. Mmoja amekonda, maziwa yameshuka, na chini ya taya ana uvimbe laini kama mfuko wa maji. Nakosea wapi? – Mfugaji, Tukuyu

Mahali pawili, kaka.

Kwanza, ivamektini haiui minyoo bapa. Inaua minyoo ya mviringo, kupe kiasi na chawa, lakini minyoo ya ini inaitazama tu. Levamisoli ikiwa peke yake nayo ni hivyo hivyo. Nimeona wafugaji wakitumia fedha miaka mitatu mfululizo kwa sindano isiyohusika, na muuzaji hawaambii kitu kwa sababu anauza. Dawa zinazogusa minyoo ya ini ni kama albendazoli, oksiklozanidi, nitroksinili na triklabendazoli, na hizi nazo hazilingani. Albendazoli na oksiklozanidi huua minyoo iliyokwisha kukomaa kwenye mirija ya nyongo. Ile michanga inayotoboa ini wiki za mwanzo huiacha ikiendelea kula. Triklabendazoli ndiyo inayoifuata hata ile michanga. Kumbuka pia kipimo cha albendazoli kwa minyoo ya ini ni kikubwa kuliko cha minyoo ya kawaida, na usimpe ng'ombe mwenye mimba changa. Kwa kuwa unauza maziwa, soma kwenye lebo ni siku ngapi hayanyweki. Dawa nyingine hazitakiwi kabisa kwa anayekamuliwa. Uzito usikisie kwa macho, mzungushie kifuani utepe wa kupimia uzito.

Kabla ya hayo yote, peleka kinyesi kipimwe. Uvimbe wa taya huletwa na upungufu wa protini kwenye damu, na minyoo ya tumboni inayofyonza damu nayo huuleta. Waambie maabara unatafuta minyoo bapa. Mayai yake ni mazito, yanazama, kwa hiyo kipimo cha kuelesha mayai juu ya maji ya chumvi huyakosa. Lazima wayaache yatuame. Iringa kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, na afisa mifugo wa kata anaweza kukusaidia kutuma.

Pili, unasema hawajui bonde. Bonde linawafuata bandani juu ya kichwa cha kijana anayeleta majani. Muulize anakata wapi. Kiangazi hata Rungwe majani mazuri yako kando ya kijito, na hapo ndipo vifuko vilipo. Panda majani ya malisho, mabingobingo na Guatemala, juu mlimani. Ukilazimika kukata ya bondeni, kata sehemu ya juu ya jani, si ile iliyokaa majini, kisha yaanike juani hadi yakauke kweli. Kifuko hufa kwa ukavu, lakini kwenye jani lenye unyevu huishi miezi.

Huku Mbarali konokono wamejaa kwenye majaruba. Ndio hao hao wa kichocho? Na wale wakubwa wa bustanini? – Mkulima wa mpunga, Rujewa

Wa bustanini waache, hawahusiki na minyoo hii. Wa majini tuwatenganishe. Chukua chujio lenye mpini, usiingize mkono wala mguu mtupu, kwa sababu vijidudu vya kichocho hupenya ngozi. Chota kwenye majani ya ukingoni. Vaa glavu, shika gamba moja ncha ikitazama juu na mdomo ukikutazama wewe.

Mdomo ukiwa kushoto kwako, huyo huenda ni wa kichocho cha mkojo. Gamba likiwa bapa, limejiviringa kama kamba iliyokunjwa chini, huenda ni wa kichocho cha tumbo. Mdomo ukiwa kulia, mpana, gamba jembamba la kahawia na halina kifuniko, hapo umemshika anayebeba minyoo ya ini, ambaye wataalamu humwita *Radix natalensis*. Akiwa na kifuniko kigumu cha kujifungia mlango, mrudishe, si yeye.

Wanajuaje kama konokono fulani ana vijidudu? Na nani aligundua haya? – Mwanafunzi wa mifugo, Uyole

Utafanya mwenyewe, mwanangu. Sisi tulitumia chupa za jemu. Konokono mmoja, maji safi, dirishani penye mwanga. Wengi hawakutoa chochote. Chupa moja asubuhi ilikuwa na vidoa vyeupe kwenye kioo, usawa wa maji, kama vumbi la sembe. Mwenzetu mmoja alijaribu kuvifuta na kitambaa, havikutoka. Vilikuwa vimetoka kwa konokono vikiogelea, vikadhani kioo ni jani, vikajifunga. Ukiviwahi kwenye darubini kabla havijajifunga utaona mkia mmoja ulionyooka. Vya kichocho vina mkia wenye panda.

Safari nzima ni hii: yai hutoka na kinyesi, likipata maji na joto huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Kijidudu kina kama siku moja tu kumpata konokono, la sivyo kinakufa. Kikimpata, kimoja huzaa mamia. Waliofumbua fumbo hili ni wawili, kila mtu kivyake: Algernon Thomas huko Oxford na Rudolf Leuckart huko Leipzig, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wachungaji wa Ulaya walikuwa wamejua karne nyingi kabla kwamba kondoo wa malisho ya majimaji huoza ini. Walichokosa ni konokono.

Kitulo ni baridi sana. Si huko minyoo haifiki? – Makete

Inafika, ila ni ndugu yake. Kitulo kumepatikana *Fasciola hepatica*, ile ya nchi za baridi, na konokono wake mdogo, *Galba truncatula*. Huku chini ni *gigantica*. Huyo mdogo anapenda tope kuliko maji, kwa hiyo kuzungushia bwawa uzio hakutoshi. Angalia nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, na pale bomba la birika linapovuja.

Nimwage mrututu (salfeti ya shaba) kwenye mfereji niwaue wote? – Igurusi

Utaua konokono, na samaki pia, na jirani yako wa chini anachota maji hapo hapo. Mfereji ufyekwe kingo, utitiri wa magugu utolewe. Ng'ombe wawekewe birika, wasishuke majini. Bata nao hula konokono, ukiwa na mtu wa kuwachunga wasile mpunga.