Je, mkono ukipooza, maneno ya kazi zake hupotea?

SWALI: Baba yangu, mkulima wa korosho hapa Masasi, alipata kiharusi na mkono wake wa kulia umepooza. Nimesoma kwamba ubongo huelewa vitenzi kwa kutumia sehemu zilezile zinazoendesha viungo. Je, hataelewa tena tukizungumza habari za kuokota na kubangua korosho? (Mwalimu, Masasi)

JIBU: Pole kwa kuuguliwa, Mwalimu. Ulichosoma kina ukweli, ila hofu uliyoijenga juu yake haina msingi.

Mwaka 2004 Olaf Hauk, Ingrid Johnsrude na Friedemann Pulvermüller walichapisha utafiti ambamo watu walisoma kimya vitenzi vya Kiingereza vya kulamba, kuokota na kupiga teke huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine ya MRI, na ikaonekana kwamba vitenzi hivyo huamsha sehemu za gamba la ubongo zilizo karibu na zile zinazoendesha ulimi, vidole na miguu, au zinazoingiliana nazo. Mwaka uliofuata Pulvermüller na wenzake walichochea kwa sumaku eneo la mkono upande wa kushoto wa ubongo, nao washiriki wakayatambua maneno ya kazi za mikono upesi kuliko ya miguu. Eneo la mguu lilipochochewa, mambo yaligeuka. Hata harufu zimo: watafiti wa Hispania walionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma tu maneno ya vitu vinavyonukia huamsha maeneo ya kunusa, na sioni kwa nini neno «mabibo» lisifanye vivyo hivyo kwa mtu wa Kusini.

Hata hivyo, kuharakisha utambuzi ni jambo moja, na kuibeba maana yote ni jambo jingine kabisa. Maana ya «kubangua» imetawanyika katika ubongo, na wataalamu wengi wanaona kwamba ncha ya mbele ya sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio ndiyo inayoiunganisha: wagonjwa wanaonyauka sehemu hiyo husahau maana za vitu ilhali mikono yao ni mizima. Isitoshe, mara nyingi kiharusi hukata nyuzi za neva zinazoshuka ndani kutoka kwenye gamba, na gamba lenyewe likabaki salama.

La kuangalia kwa mzee ni jingine. Kupooza upande wa kulia humaanisha kwamba upande wa kushoto wa ubongo umeumia, na huko ndiko lugha ilikokaa kwa watu walio wengi. Kwa hiyo anaweza kuwa na afasia, yaani shida ya kuelewa au kutamka lugha inayotokana na kuumia kwa ubongo, lakini si kwa sababu ya mkono. Mpimeni kwa amri zisizohitaji mkono huo, kama «fumba macho» au «tazama mlango», bila kuonyesha kwa ishara wala kukitupia jicho kitu kinachotajwa, kwani jamaa wengi hutoa jibu kwa macho yao bila kujua. Kisha mwulizeni maswali ya ndiyo na hapana ambayo majibu yake mnayajua, mengine ya shambani (je, salfa hupuliziwa mikorosho?) na mengine yasiyohusu mikono hata kidogo. Akikosea ya aina zote mbili, mwelezeni mtaalamu wa utengamao kwenye kliniki anakohudhuria, ili mazoezi ya lugha yaanze sambamba na ya mkono.